Siku Niliyobonyeza "Panua"

Naanza na lile la kijinga kabisa ili mnicheke mapema tuendelee: nilibonyeza neno "Panua" kwenye kompyuta ya mama yangu nikidhani najua maana yake, mimi niliyekua na Kiswahili mdomoni (sawa, na Kimakonde kidogo cha kumwombea bibi chumvi), mimi ambaye Kiswahili ndilo somo pekee ninalofaulu bila kusukumwa, mimi ambaye darasa zima la kidato cha tatu wananiita Fundi. Wananiita, nimesema? Walikuwa wananiita. Siku hizi nina jina jingine na nitalifikia, msinisukume.

Mama ana steshenari hapa Masasi, chumba kimoja chenye baraza upande wa sokoni, mahali ambapo ile miamba ya mlimani ikishakunywa jua tangu asubuhi, mchana inatutemea sisi joto lote. Ana kompyuta moja ya mezani, printa moja yenye kikohozi, na tivii iliyofungwa ukutani kule barazani, imetazama benchi la wateja. Tivii siyo ya mpira. Zamani mtu akija kuandikiwa barua alikuwa anazunguka kaunta na kumpumulia Mama shingoni ili aone kama jina lake limeandikwa sawasawa, na wengine walikuwa wametoka kula dagaa, kwa hiyo Mama akapitisha waya dirishani, akaunganisha tivii, na tangu hapo kinachoonekana kwenye kompyuta kinaonekana na barazani, mteja anakaa benchini kwa heshima zake na kupaza sauti, "Mama Rehema, Nachingwea haiandikwi hivyo!"

Sasa siyo kila barua ni ya kupaziwa sauti. Kuna za talaka, kuna za kugombea mipaka ya mikorosho, kuna za walimu wa mikoa ya mbali wanaoomba uhamisho na hawataki mkuu wao ajue. Zikija hizo, Mama anachukua kanga yake ya bluu na kuifunika tivii, na mteja anasogea karibu (dagaa au siyo dagaa). Ndiyo maana watu wanazipita steshenari mbili zenye kompyuta mpya na kuja kwake. Wanasema Mama Rehema ni kaburi. Hilo ndilo duka lenyewe hasa, siyo ile printa.

Tatizo ni macho. Mama akiandika, pua inakaribia kugusa kioo, na mtoto mmoja aliwahi kumuuliza mama yake mbele ya watu kwa nini yule mama ananusa kompyuta. Nikimwambia akapime macho anasema macho yake ni mazima, ni herufi za siku hizi ndizo zimekonda. Basi mimi kwa akili zangu (zile zile) nikaona nimfanyie mama yangu jambo jema: nizikuze herufi. Na ukweli mwingine, ndiyo, nilikuwa nimeshawatangazia wenzangu darasani kwamba kompyuta yote ya steshenari naiendesha mimi, Mama anabonyeza tu.

Kitu kimoja mkijue. Ile kompyuta inaongea Kiswahili. Fundi aliyeiuza alitaka kuiacha na Kiingereza, Mama akamwuliza, "Nikae nayo kutwa nzima halafu inisemeshe lugha ya watu?" Basi ikawekwa Kiswahili, na ni Kiswahili cha wataalamu, kile ambacho kila neno unalijua ila yakikaa pamoja yanakutazama kama hamjawahi kukutana.

Jumamosi ile Mama alikuwa anapeleka Lulindi mitihani aliyowachapia walimu, kwenye bahasha aliyoifunga kwa gundi, kisha kwa gundi juu ya gundi. Kabla hajapanda bodaboda akaniinulia kidole.

"Hamisi. Toa kopi, pokea watu, basi. Kompyuta usiiguse. Kuna barua ya Mzee Ausi humo, anaifuata saa saba ili awahi gari la Newala. Nitaitoa mwenyewe nikirudi."

"Sawa, Mama."

"Nimesema usiiguse."

"Mama, kwani mimi mtoto?"

Akapanda bodaboda, akawa ananitazama mpaka ilipokata kona.

Barua ya Mzee Ausi, kwa wasiojua, ilikuwa barua ya posa. Mpwa wake Shaibu anataka kuoa huko Newala, na Mzee Ausi ndiye mshenga. Barua ya posa inafika mlangoni kwa watu ikiwa imekunjwa, ndani ya bahasha, ndani ya leso, na kabla haijafika hakuna anayetakiwa kujua ina nini, hata kama mji mzima unahisi.

Nikakaa kwenye kiti cha Mama. Kanga ya bluu ilikuwa imefunika tivii, barazani alikuwepo Juma wa bodaboda amejilaza kwenye benchi anatafuna korosho akisubiri abiria, dunia imetulia. Nikasema nahitaji maandishi ya kufanyia majaribio, ili nione kama herufi zinakua. Nikafungua faili la kwanza lililokuwa mbele yangu. Nadhani mmeshajua ni lipi.

Mimi nilidhani kukuza herufi ni kitufe kimoja. Wapi! Aliyeitengeneza ile kompyuta alizitawanya zile sehemu kama mtu anayeficha sukari watoto wasiione. Ukubwa wa maandishi uko huku, upana wa skrini uko kule kwenye dirisha jingine, rangi ziko kwingine, na ukidhani umemaliza, kuna ukurasa wa zamani umejificha nyuma ya ukurasa mpya na wao wawili hawaelewani. Nikapandisha ukubwa, herufi zikanenepa vizuri sana ila kitufe cha "Sawa" kikasukumwa nje ya kioo, kipo lakini hakifikiki, ikabidi nibahatishe kwa kubonyeza Enta kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Ikakubali. Nikaenda kwenye dirisha jingine.

Hapo ndipo akaingia barazani mama mmoja wa makamo, ana mjukuu mgongoni, ana kitambulisho cha kutolewa kopi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kopi mbili, nina gari la Newala. Na huyu mwenzangu keshanilowesha mgongo mzima. Hebu niazime hiyo kanga, nimbadilishe."

"Chukua tu, mama," nikasema, macho yangu yako kwenye kioo. (Ndiyo. Nilisema chukua tu. Sikuuliza kanga ipi.)

Nikamwomba asubiri kidogo, namalizia jambo. Nikaona neno "Mwelekeo", nikasema mwelekeo mzuri ndio tunaoutaka wote, nikabonyeza, na barua nzima ikalala ubavu. Nikalaza kichwa nami. Barazani nikasikia kicheko, nikajua Juma ameanza hadithi zake, kumbe na wao kule wamelaza vichwa, wote wawili na mtoto. Ile kompyuta ikasubiri niikubalie, ikaona nimekwama, ikajirudisha yenyewe. Hapo mtu mwenye akili angesema alhamdulillahi na kuinuka.

Mimi nikaona "Panua".

Jamani niambieni. Mtu anatafuta herufi kubwa, anaona neno limeandikwa Panua, afanye nini? Kupanua si kufanya kitu kiwe kikubwa? Barabara ikipanuliwa si inakuwa kubwa? Chini yake kulikuwa na neno "Rudufisha", ndilo lililokuwa limechaguliwa, nikasema hili ni gumu, limewekwa na wataalamu, achana nalo. Nikabonyeza Panua.

Barua ikapotea.

Siyo barua tu. Kila kitu. Madirisha, vitufe, saa ya pale pembeni, vyote vimeyeyuka, imebaki picha ya dada yangu Rehema siku ya mahafali ya chuo, anatabasamu kama aliyejua. Nikasogeza mausi, kimshale kikatembea mpaka ukingoni na kutoka nje ya kioo, hakikurudi. Nikaona nimefuta barua ya posa ya watu, mitihani ya walimu, barua za uhamisho, kila siri ya Masasi, na saa ya ukutani inasema saa sita na robo.

Nikakumbuka kuna vitufe viwili ukivibana pamoja vinaamrisha printa. Nikasema labda barua bado imo ndani mahali fulani, niitoe kabla haijaoza. Nikabana, nikapiga Enta. Kimya. Nikabana tena. Kimya. Nikabana mara saba, kwa sababu mara ya saba huwa inafanya kazi (haikufanya). Printa ilikuwa inawasha taa nyekundu tu, imeishiwa karatasi, nami sikuitazama.

Nilichokuwa sikijui ni hiki: kompyuta ilikuwa inaamini tivii ndiyo skrini yake namba moja, na kioo changu ni nyongeza tu. Kwa hiyo nilipoiambia ipanue, haikukuza kitu, ilizifanya skrini mbili kuwa uwanja mmoja mpana na kuhamishia kila kitu kwenye skrini kubwa, kule barazani, bila kanga, barua ya posa yenye herufi nene kama vidole, kazi yangu nzuri.

Nikasikia sauti ya Juma. Juma anasoma kama anavyoendesha kwenye makorongo, polepole na kwa kuruka.

"Kwa he-shi-ma na ta-a-dhi-ma... sisi wa-za-zi wa ki-ja-na we-tu Sha-i-bu..."

Mtaniona mjinga, lakini wazo langu la kwanza lilikuwa: Alhamdulillahi, kumbe Juma aliihifadhi kichwani!

"...tu-me-o-na ua zu-ri nyu-mba-ni kwe-nu..."

"Hebu rudi juu," akasema yule mama, sauti imebadilika. "Pale juu. Inaandikiwa nani?"

"Mzee Mfa-u-me, Ne-wa-la."

"Mfaume? Mfaume ni kaka yangu huyo!"

Nikasikia miguu, watu wengine wanasogea kutoka sokoni, maana Juma alikuwa ameshaongeza sauti kama mwenye mahubiri.

"...na kwa u-nye-nye-ke-vu tu-na-o-mba ku-m-po-sa bi-nti ye-nu..." Akasimama. Akarudia. "Bi-nti ye-nu... Ha-mi-si."

Nilitoka nje mbio. Sikumbuki kuzunguka kaunta, nadhani niliiruka. Kuna watu kumi na kitu, wametazama juu, kisha wote kwa pamoja, kama waliofundishwa, wakanigeukia mimi.

"Fundi," akasema Juma, taratibu, na kile kicheko kinampanda kutoka tumboni, "kumbe una mchumba hutuambii?"

Barazani palilipuka. Kuna mwenye nyanya aliyekaa chini kabisa kwa kucheka. Na jambo lilikuwa hivi, nikaliona palepale kwa sababu herufi zilikuwa kubwa, hata kipofu angeliona: binti wa watu anaitwa Hamisa. Mama, pua kwenye kioo, na mkono wake uliozoea kunijazia mimi fomu za shule tangu darasa la kwanza, alikuwa ameandika Hamisi. Katika herufi zilizokonda lisingeonekana. Lingekunjwa, likaingia kwenye bahasha, likaingia kwenye leso, likapanda gari mpaka Newala.

"Kwetu yupo Hamisa," akasema yule mama, ambaye sasa nilijua ndiye Bi Somoe, shangazi wa binti mwenyewe. Hakucheka. "Hamisi hatunaye. Hamisi naona ni wa hapa."

Nikataka kuzima tivii, rimoti iko kwenye mkoba wa Mama, mkoba uko Lulindi. Nikaiomba kanga, kanga imemzunguka mjukuu na mjukuu ameshalala. Nikafikiria kuchomoa waya ukutani, lakini tivii, kompyuta na printa vyote vinanyonya soketi moja, na mimi bado niliamini nikizima nimezika kila kitu. Na wakati ule ule, naapa, ndipo nilipoona nikae nifanye kazi niliyotumwa: nikaweka karatasi kwenye printa nimtolee Bi Somoe kopi zake. Printa ikakohoa, ikakumbuka zile mara saba, ikaanza kutapika posa. Ya kwanza, ya pili, upepo wa feni ukazichukua mpaka barazani, ya tatu, watu wanaokota, ya nne Juma akaikunja akaweka mfukoni akasema ni kumbukumbu ya familia.

Mzee Ausi akafika saa sita na nusu, kabla ya wakati, kanzu nyeupe, kofia, leso tayari mkononi. Akaona watu. Akaona tivii. Akasoma mistari miwili ya barua yake mwenyewe akiwa barabarani.

Hakupiga kelele. Alipanda baraza, akasimama mbele ya tivii na kutanua mikono, kanzu imefunguka kama pazia, akawa anaifunika kwa mwili wake.

"Mzee, shikamoo," akasema Juma. "Sogea kidogo, tulikuwa tumefika kwenye ua."

"Ninyi watoto mna laana!" Kisha macho yake yakampata Bi Somoe, akamtambua, na mikono ikashuka yenyewe. Sijawahi kumwona mtu mzima akikosa mahali pa kutazama namna ile. "Dada," akasema. "Hivi... sivyo tulivyotaka kuja kwenu." Akanigeukia. "Mama Rehema tulimwamini. Mwambie hivyo. Tulimwamini."

Kicheko kikaisha. Hilo ndilo lililonichoma, siyo posa. Nilikuwa nimemvua Mama lile jina la kaburi mbele ya soko zima kwa robo saa, tena nikimfanyia mema.

"Kimshale!" akasema Juma ghafla. "Fundi, kile kimshale chako kiko huku kwetu! Kimesimama kwenye 'taadhima'."

Nikaelewa. Nikaruka kaunta, nikashika mausi, nami sioni kitu isipokuwa dada Rehema, wao ndio wanaona. Basi wakaanza kunielekeza kama utingo anayerudisha lori nyuma.

"Kushoto! Kushoto! Lete, lete!"

"Umepita! Rudi!"

"Panda juu, shika ule mkanda wa juu kabisa. Shika! Umeshika!"

"Sasa vuta, vuta, usiachie..."

Na ile barua ikaingia kwenye kioo changu, kwanza sikio, kisha nusu, kisha nzima, na watu kule nje wakapiga makofi. Vile vingine vyote vilikuwa bado barazani, ikabidi waniongoze tena mpaka kwenye yale maneno. Nilichagua "Rudufisha" mwenyewe, neno gumu, ambalo maana yake ni vioo viwili kuonyesha kitu kimoja, yaani vile vile ilivyokuwa kabla sijaigusa. Kisha nikafunga barua.

Mama alishuka kwenye bodaboda katikati ya makofi. Kuona watu wengi barazani kwake akashika kifua.

"Kuna msiba?"

Mzee Ausi akampa moja ya zile karatasi saba. Mama akaileta puani, akasoma, akafika kwenye lile jina, akabaki pale. Alimwambia Mzee Ausi, "Kosa la jina ni langu, na la mtoto ni langu pia. Nisamehe," kwa sauti ya chini, akitazama sakafu, na mimi nilitamani ile printa initapike na mimi.

Bi Somoe akasogea mbele. Akamfungua mjukuu, akaitandaza kanga ya bluu, akaipandisha juu ya tivii mwenyewe, akainyoosha pembe.

"Mimi hapa nimefuata kopi," akasema. "Miwani yangu nimeiacha Newala, kwa hiyo leo sijasoma kitu. Barua ikifika kwa kaka yangu ndani ya leso, ndipo nitaiona. Ila Mzee, ikifika iwe na jina la mtoto wetu." Akanitazama juu mpaka chini. "Huyu wenu mbaki naye. Hajui hata kubeleka mtoto mgongoni."

Mzee Ausi akafuta jasho kwa ile leso ya posa, na nadhani chini ya leso alicheka.

Mama akakaa kwenye kiti chake. Akafungua barua, akajiandaa kuinama kama kawaida yake, akasita. Herufi zilikuwa bado kubwa. Hilo sikuwa nimelirudisha. Akaegemea nyuma. Akasoma barua nzima mgongo umenyooka, kitu ambacho sijakiona tangu nikiwa darasa la nne, akaibadilisha ile "i" kuwa "a", akatoa nakala moja, moja tu, na gari la Newala likaondoka na barua, mshenga na shangazi, wameketi mbalimbali kama wasiojuana.

Zile karatasi saba nilitumwa kuzikusanya, nikapata sita. Ya saba iko kwa Juma, na Jumatatu darasani nilipoingia walisimama wote kuniimbia nyimbo za harusi, na mpaka leo naitwa Ua. Fundi amekufa. Nimeapa kwamba neno la Kiswahili kwenye kompyuta nitaliuliza kwanza kwa mtu, hata likiwa neno "maji", na kwamba mtu akiniomba kanga nitainua macho.

Jioni, wakati nafagia baraza na kuokota maganda ya korosho ya Juma, nilisubiri Mama anichape au anifukuze. Alikunja kanga, akafunga dirisha, akasimama mlangoni na mkoba wake, akasema hivi, neno kwa neno:

"Hizo herufi ziache hivyo hivyo. Kesho kutwa naenda hospitali kupima macho. Wewe ukitoka shule utabaki ndani. Binti akishaposwa hazururi."